Mgodi Usiokuwapo Nyuma ya Soko la Garsen

Nyumba ya marehemu Kazungu, ile ya mawe iliyo nyuma ya soko la Garsen, haina mtambo wa kuchimba sarafu za mtandaoni. Kinachonguruma mle ndani ni friji, nayo inanguruma kwa sababu ni kuukuu. Haina chumba cha siri pia. Kile chumba ambacho dirisha lake limezibwa kwa bati kilizibwa kwa sababu ya popo. Na Kaingu, mwana wa pekee wa nyumba hiyo, hajanunua shamba Malindi, hajafuatwa na wapelelezi kutoka Nairobi, wala mama yake hakumfundisha hesabu ili aje kuiba. Kumfundisha alimfundisha, hilo ni kweli. Matokeo yanajulikana: alipata C, tena ya kusukumwa.

Mama huyo ni Kanze, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Garsen nzima humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha, na wale aliowafundisha huficha sigara wakimwona anakuja. Marehemu mumewe alikuwa msoma kipimo cha kina cha maji ya mto. Akisema maji yanakuja, watu walihamisha watoto na kuku. Akisema hayaji, walilala. Hakuwa na mali ya kutajwa, ila neno lake lilikuwa linachukuliwa kama lilivyo, na hicho ndicho alichomwachia mjane wake na mwanawe. Kanze alikilinda kama wengine wanavyolinda mpaka wa shamba.

Chanzo cha maneno yote ni kibanda cha Kaingu cha kuchaji simu. Watu wengi wa vijiji vya Ozi na Chara hupeleka simu zao Garsen. Huletwa na bodaboda ndani ya beseni la plastiki lenye kifuniko, kila simu imezungushiwa utepe wenye jina la mwenyewe na kijiji chake. Kaingu huzipanga kwenye rafu za ukutani, huziunganisha na umeme wa jua, na zikijaa huzirudisha kwa beseni lilelile. Ndivyo alivyofanya kazi tangu mwanzo, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza kitu.

Kisha ikaja Lulu, sarafu ya mtandaoni. Kijana mmoja mwenye kofia alifika kutoka huko mjini, akawakusanya watu, akawawekea programu kwenye simu. Aliwaambia kwamba mtu akibonyeza kitufe kimoja mara moja kwa siku, anachimba sarafu, na sarafu hizo zitauzwa hivi karibuni. Kila mmoja alipewa maneno kumi na mawili ya Kiingereza yaliyo ufunguo wa mgodi wake, akaonywa asiyaandike ovyo wala kumwambia mtu. Mwalimu Kanze alimuuliza yule kijana zitauzwa wapi. Akajibiwa hivi karibuni. Akamwambia kwamba yeye ameuliza mahali, naye anajibiwa wakati, kisha akaenda zake sokoni kununua nyanya. Hakujiunga.

Wengine walijiunga, na kwa kuwa simu zao hushinda kwa Kaingu, walimwomba awabonyezee. Basi kila asubuhi kijana huyo alipita kwenye rafu kama mtu anayemwagilia miche, akibonyeza moja moja. Ungepita pale ungeona ukuta mzima unawaka na kijana mmoja anaugusa. Sabdio, mama Muorma anayeuza maziwa mbele ya kibanda, alipita, akaona, akapiga picha. Aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wa Lulu na kuandika, "Kazi ya Kaingu wetu, mashaallah." Alikuwa anamsifu.

Picha hiyo ilirudi kundini kabla ya wiki kuisha, imechorwa mshale mwekundu unaoelekea kichwani pa Kaingu. Chini yake mtu aliyejiita Msimamizi Mkuu alikuwa ameandika kwamba mgodi wa Lulu umetobolewa. Kijana wa Garsen mwenye simu nyingi amepitia tundu na kuhamisha sarafu za watu. Kila mwanachama atume maneno yake kumi na mawili kwa nambari ifuatayo pamoja na ada ndogo ya kuhamishiwa mgodi salama. Asiyetuma asilaumu mtu.

Mwalimu Kanze angeweza kuupuuza upuuzi huo, kama alivyoupuuza mwingi. Lakini wakati ule wazee wa ukoo walikuwa wamekwenda Chara na kibuyu cha tembo la mnazi kumposea Kaingu binti wa Mzee Kaviha, aitwaye Nelly. Kwa Wagiriama, baba wa msichana akilinywa tembo hilo, mazungumzo yameanza. Asipolinywa, hakuna mazungumzo. Wazee walirudi Garsen na kibuyu kizito kama kilivyokwenda, kizibo chake cha majani hakijaguswa.

"Amesema nini?" Kanze aliwauliza.

"Amesema ana kiungulia," wakajibu.

"Tangu lini Kaviha akawa na kiungulia?"

"Tangu alipotuona."

Alimwita mwanawe saa ya chakula cha mchana, akamwekea wali, akamwacha ale kwanza.

"Umechukua kitu cha mtu?"

"Hapana, mama."

"Kinaweza kuchukulika?"

"Kwa yale maneno kumi na mawili tu. Nami sina maneno ya mtu. Simu naibonyeza, siifungui zaidi ya hapo. Waache waseme, mama. Watachoka."

"Watachoka, na Nelly atakuwa ameolewa huko Ngao," alisema Kanze. "Jina la nyumba hii ulilikuta. Si lako peke yako kulichezea kwa kunyamaza. Nisomee tena huo ujumbe."

Kaingu akamsomea. Kanze aliusikiliza kama alivyokuwa akisikiliza insha za darasa la saba, macho yameelekezwa ukutani.

"Anasema sarafu zimekwisha kuhamishwa."

"Ndiyo."

"Na anataka kuzihamishia mgodi salama."

"Ndiyo, mama."

"Anahamisha nini, ikiwa zimekwisha? Na katika hao wote wanaolia kwamba wameibiwa, nani ameangalia simu yake?"

Kaingu alifikiri. "Hakuna. Simu zao ziko kwangu tangu ujumbe utoke; wameusoma kwenye simu za jamaa. Wanaona haya kuja kumuuliza mwizi."

Siku ya mnada wa ng'ombe, watu wa kila upande wanapokuwa Garsen, Mwalimu Kanze alivaa gauni lake la kanisani, akamwambia Kaingu atoe simu zote. Waliweka beseni juu ya meza chini ya paa la soko. Yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki. Hakupaza sauti wala kumwita mtu. Watu walijaa wenyewe, kwa kuwa walidhani anakuja kuomba msamaha.

"Nitasoma majina," alisema. "Kila mtu achukue yake, aifungue hapahapa, aniambie amepungukiwa na nini."

Wa kwanza kusogea hata kabla ya kuitwa alikuwa Hirbo, mfugaji wa makamo, fimbo yake mabegani.

"Mwalimu, mimi nisamehe. Sijatuma maneno yangu. Nimechelewa."

"Kwa nini umechelewa?"

"Neno la saba liko Nanighi."

Kanze alimtazama. Hirbo akaeleza, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Hajui kusoma. Alipoambiwa asiandike maneno yake wala asimwambie mtu, aliyagawa kwa ng'ombe wake. Kila ng'ombe akapewa neno lake likawa ndilo jina lake, na kila walipokwenda kunywa maji aliwaita kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeitwa Winta, yaani majira ya baridi, alizaliwa kiangazi. Aliyeitwa Pensel alikuwa fahali. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukame ulipobana, akamuuza ng'ombe wa saba kwa Abdinur wa Nanighi.

"Nimempigia simu Abdinur. Nimemuuliza, yule ng'ombe wangu anaitwaje? Anasema amembadilisha jina."

"Na wewe hulikumbuki la zamani?"

"Mwalimu, nilimkumbuka ng'ombe. Neno lilikuwa kazi yake yeye."

Watu walicheka. Kanze hakucheka.

"Fungua simu yako, Hirbo."

Hirbo akampa Kaingu amfungulie. Sarafu zake zote zilikuwapo, pamoja na za asubuhi ile.

"Zipo," alisema Hirbo, kidogo kwa masikitiko, kwa kuwa alikuwa ameshajizoeza kuibiwa.

Kanze aliendelea kusoma majina yaliyo kwenye utepe, jina na kijiji, bila haraka. Mmoja baada ya mwingine walifungua. Zipo. Zipo. Mwanamke wa Ozi alisema zimezidi, akaambiwa ndivyo zinavyofanya zikibonyezwa. Minong'ono ilianza kupungua. Ndipo akafika kwa Sabdio.

Sabdio aliitazama simu yake muda mrefu. Akaigonga kwenye kiganja, akaitazama tena.

"Kwangu hakuna kitu."

Baadhi wakamgeukia Kaingu.

"Ulituma maneno?" Kanze aliuliza.

"Nilituma jana asubuhi. Kwa simu ya dada yangu, maana yangu ilikuwa humu. Nikatuma na ada. Fedha ya maziwa, Mwalimu." Alizungumza kwa sauti ya chini. "Nilitaka niwahi kabla Kaingu hajazimaliza."

"Nani mwingine ametuma?"

Mikono michache iliinuliwa, kila mtu akimtazama mwenzake kwanza. Walifungua simu zao. Wote hao hawakuwa na kitu, na hakuna mwingine aliyekuwa amekosa. Sarafu za Lulu zilikuwa bado haziuziki popote, ila kuibwa zilikuwa zimeshaanza.

"Basi mmejionea," alisema Kanze. "Hakuna mgodi uliotobolewa. Aliyewaambia mnaibiwa ndiye aliyewaibia, na uongo juu ya mwanangu ndio aliotumia kuwaharakisha. Ambao hamjatuma, msitume. Ambao mmetuma, nendeni polisi na nambari ile, msingoje wa kuwasindikiza. Na wewe Sabdio, picha si kosa. Kosa ni la aliyechora mshale."

"Nisamehe, mwanangu," Sabdio alimwambia Kaingu.

"Yameisha, mama," alisema Kaingu. "Chai ya kesho nitachukua maziwa kwako."

"Chukua chupa mbili."

"Nitachukua moja, nilipe."

Ilikuwa imebaki simu moja chini ya beseni. Kanze aliigeuza, akausoma utepe wake bila kubadilisha sauti. "Kaviha, Chara."

Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba Mzee Kaviha ni mwanachama. Alitokea nyuma ya wauza mbuzi, kofia mkononi, akaja mpaka mezani kwa hatua za mtu mwenye jambo jingine la kufanya. Aliifungua simu, akaisogeza mbali na macho ili aione.

"Zipo," alisema. "Hata za leo zipo."

"Za leo amezibonyeza leo," alisema Kanze.

"Baada ya mimi kurudisha kibuyu?"

"Ulilipa kuchajiwa na kubonyezewa. Kibuyu ni habari nyingine."

Mzee Kaviha aliitia simu mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Alingoja watu watawanyike kuelekea kwenye ng'ombe, kisha akasema kile kiungulia kilikuwa cha muda tu. Wazee wakija tena Jumamosi watamkuta nyumbani, na Nelly amekwisha kuulizia mara mbili kwa nini hawaji.

"Watakuja," alisema Kanze, akaanza kukunja kitambaa cha meza.

Kaviha hakuondoka. Aliinamisha kichwa akasogea karibu.

"Lakini Mwalimu, tuzungumze kama watu watakaokuwa jamaa. Mgodi haukutobolewa, nimekubali. Hakuiba, nimekubali. Ila kijana amekuwa akibonyeza miaka yote hii. Yake mwenyewe anazo kiasi gani?"

"Hilo sijibu."

"Nauliza kwa wema. Msichana ataishi kwa nini?"

"Ataishi kwa kazi ya mumewe, unaiona pale kibandani. Na ualimu wake mwenyewe, uliomsomesha wewe."

"Hiyo naijua. Nauliza ile nyingine. Watu wanasema hata marehemu aliacha..."

"Mzee Kaviha," alisema Kanze. "Leo nimetoka nyumbani kueleza kile ambacho mwanangu hakuchukua. Nimekieleza chote, mbele ya kila mtu. Alichonacho sikutoka kukieleza."

"Hata kwa mkwe?"

"Jumamosi haijafika."

"Na ikifika?"

"Mtazungumza na wazee kuhusu mahari. Hili hamtalizungumza."

"Hata kidogo, Mwalimu? Neno moja tu, nikalale."

"Nimemaliza," alisema Kanze, akampa Kaingu kiti abebe, akashika njia ya nyumbani. Tangu siku hiyo wameulizwa wote wawili mara nyingi, kanisani na sokoni, na jibu la nyumba hiyo ni kwamba hawana la kuongeza.