Uvira Haitolewi

Nyinyi mliokulia Alby, Hässelby au Skärholmen, vitongoji vyetu vya Stockholm, wakati simu ya nyumbani ingali na waya wa kujiviringisha, bila shaka mnakumbuka jinsi tulivyokuwa hatujui mambo. Na kutojua kulikuwa kutamu, jamani. Ukitaka kujua shangazi kajifungua mtoto gani, ungoje barua kutoka Tanga. Na kama ng'ambo ya maji wanajenga kitu cha chuma kirefu kuliko mnara wa kanisa, basi ulisimama gatini, ukakodoa macho, ukabahatisha.

Kitu chenyewe kilikuwa treni ya wazimu. Hilo ndilo jina tulilolipa sisi watoto; Wasweden wanaiita mlima-na-bonde. Ni kile kigari cha uwanja wa bembea kinachopandishwa juu taratibu, kisha kinaachiwa kishuke kwa kasi, na watu waliofungwa mikanda ndani yake wanapiga mayowe. Siku hizi wanajenga nyingine palepale kisiwani Djurgården, na mwanangu Salim, mwenye miaka kumi na mitatu, hana habari na chakula wala shule. Anashinda gatini Slussen na wenzake wakibishana. Wana picha zilizopigwa kutoka angani, wanajua kasi yake, wana hata video inayokupandisha juu ya reli ambazo hazijajengwa. Nikamuuliza, sasa mnabishania nini na yote mnayajua? Akanijibu kwa Kisweden, kama kawaida yake, kwamba kuna kitu kimefunikwa turubai katikati ya reli na hakuna anayejua ni nini. Nikacheka. Turubai moja tu limewatoa jasho watoto wa siku hizi. Sisi dunia nzima ilikuwa imefunikwa turubai.

Jumamosi zetu zilikuwa hivi. Wazazi walikodi chumba karibu na Slussen, wakatufundisha Kiswahili ili tusiwe, kama alivyosema mama yangu, watu wa kuitika "ja, ja" ya Kisweden mbele ya bibi zao. Mama alifundisha vitendawili. Alikuja na khanga juu ya koti, na birika la chai ya tangawizi, na maandazi yaliyopoa ndani ya treni tangu Alby lakini iliki yake bado inanukia hadi mlangoni. Darasa likiisha alitupeleka gatini kupunga upepo. Upepo wenyewe ulikuwa wa kukata masikio, lakini mama alishikilia kwamba mtoto hukua kwa hewa, akisimama nyuma yetu huku meno yake mwenyewe yakigongana.

Tulikuwa watatu tusioachana. Mimi, Zuhura, wazazi wangu ni wa Tanga. Kamau, wazazi wake ni wa Nakuru, mtoto mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi. Na Zawadi, aliyetoka Uvira, Kongo, kwa vita, akafika Alby na baba yake tu. Mama yake alibaki kule. Walikuwa wameomba aruhusiwe kuwafuata na walikuwa wakingoja jibu. Zawadi hakulia wala kulalamika. Aliuliza tu, kila akirudi nyumbani, kama postamani amepita.

Vitendawili tulivihamishia gatini. Mnakumbuka taratibu: mtu anasema "kitendawili", wengine wanaitika "tega". Ukishindwa, anakudai mji. Unampa mji, na yeye anajigamba jinsi alivyokwenda huko, alivyopokelewa, alivyokula na kulala, ndipo anatoa jibu. Sisi tulitega vitendawili vya treni. Nguzo ile iliyoinama itabeba nini? Reli ile iliyokunjwa itaelekea majini au angani? Jibu lililetwa na kreni. Jumamosi iliyofuata tulikuta kipande kipya kimeshapachikwa, na aliyekosea alitoa mji.

Kamau alianza kutoa miji ya kwenye atlasi, London, Tokyo, Paris, bila hata kupepesa macho. Tukaona huu ni utapeli. Ndipo tukaweka sheria kwamba huwezi kutoa mji ambao hujawahi kulala. Sheria hiyo, wallahi, iligeuza mchezo. Siku nilipotoa Tanga niliumia kweli, maana nilisimama pale nikimsikiliza Kamau anajisifu kwamba alikwenda Tanga akala maembe ya bibi yangu.

Kwa kubahatisha, hakuna aliyemfikia Zawadi. Sisi tuliropoka, yeye aliangalia. Alikuwa akikunja mikono ndani ya koti kubwa la baba yake, kisha anasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kule, kwamba nguzo ile ni nene kuliko ya jirani yake, kwa hiyo uzito utapita pale. Na kweli ulipita. Palikuwa na mzee mmoja Msweden, mpenzi wa treni hizo, aliyekuja na wenzake kila Jumamosi, na darubini na chupa ya kahawa. Kwa wiki nyingi hakutusemesha, mnawajua. Siku moja akamsikia Zawadi akieleza, akaniomba nimtafsirie, kisha akavua darubini shingoni akampa ashike. Toka siku hiyo hakubishana na wenzake wakubwa kabla hajauliza yule msichana mdogo anaonaje. Mimi hadi leo namwonea fahari Zawadi kwa jambo lile kana kwamba lilikuwa langu.

Lakini hata mjuzi hukosea, na Zawadi alikuwa na miji michache. Alikuwa amelala Bujumbura, Kigoma na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kamau alidai kambi si mji. Zawadi akamwambia ina watu kushinda Alby, na Kamau akaipokea. Alipokosea tena na tena, miji hiyo mitatu ikaondoka. Ukabaki Uvira.

Basi wakajenga reli kutoka pande mbili, zikasogeleana juu ya maji, zikabakiza pengo. Gati zima lilishikwa na wazimu. Wazee wa darubini walibishana hadi nyuso zikawaiva. Zawadi akasema treni itasimama hapo pembeni kwanza, itulie, kisha itaporomoshwa wima. Kamau akasema wataunga kwa kipande kilichonyooka na mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa upande wa Zawadi, kila mtu alikuwa upande wa Zawadi. Jumamosi iliyofuata tukakuta kipande kilichonyooka. Kamau aliruka hadi kofia ikamwanguka.

"Tupe mji," akasema.

Zawadi alitikisa kichwa. Kamau akarudia, akaimba, akamzunguka. Alikuwa amepoteza Nakuru, Kisumu na Mombasa kwa mtoto huyu, na sasa zamu yake ilikuwa imefika. Zawadi akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Uvira siwezi kutoa," akasema. "Mama iko mule ndani."

Ningependa kuwaambia kwamba tulicheka, maana ni mchezo tu wa watoto, lakini hatukucheka. Tuliuona mji mzima ukibebwa na Kamau na mama mmoja akiwa ndani yake hajui anapelekwa wapi. Kamau mwenyewe aliogopa, ila hakutaka kuonekana ameogopa, akaanza kusema sheria ni sheria. Mama yangu akaweka birika chini. Hakumkemea mtu. Alisema mji wenye mzazi ndani hautolewi. Mzazi akishatoka, mtoto atautoa mwenyewe kwa mkono wake. Kamau akakubali haraka sana, na nadhani alishukuru.

Tangu siku hiyo Zawadi hakubahatisha tena, maana hakuwa na cha kuweka. Alikuja kila Jumamosi, akasimama nasi, akatazama. Mzee wa darubini akimuuliza, aliinua mabega. Reli zikapakwa rangi. Kigari kikajaribiwa kikiwa kitupu, kikipita kimya juu ya maji. Uwanja ukafunguliwa, kiangazi kikaja, mayowe yakaanza kutufikia hadi upande wetu, na postamani bado hakuwa ameleta kitu. Nilimwomba Mungu kwa siri, mimi mtoto wa Kiislamu, nikiomba kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiombewa kanisani Alby kila Jumapili. Nilifikiri tukiwa wengi mlangoni pa Mungu tutasikika.

Jibu lilikuja majani yalipoanza kugeuka rangi. Mama Zawadi akafika, na Jumamosi iliyofuata baba Zawadi akamleta gatini, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, amevaa soksi ndani ya ndala. Zawadi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamvuta hadi mbele ya Kamau.

"Sasa chukua Uvira," akasema. "Mama ametoka."

Kamau hakuwa amesahau, lakini majigambo yote yalikuwa yamemwisha. Sheria ilimtaka ajigambe. Akakohoa, akaanza: nilikwenda Uvira, nikapokelewa vizuri. Akakwama. Hakujua kitu kuhusu Uvira. Mama Zawadi akauliza huu ni mchezo gani, akaelezwa, akamgeukia yule mtoto akiwa amekaza uso kama askari wa mpakani. Akamuuliza alifikia wapi, Kalundu au Mulongwe? Kamau akasema Kalundu. Alikula ndagala, wale dagaa wa kule? Alikula. Aliziona taa za wavuvi ziwani? Aliziona. Milima je, ilikuwa nyuma yake au mbele yake? Kamau akababaika, akasema pande zote, na mama yule akacheka hadi akaketi chini gatini, kisha kicheko kikageuka kilio na baba Zawadi akamfunika kwa koti lake. Hivyo ndivyo Kamau alivyopewa Uvira, mtaa kwa mtaa, na mwenyewe aliyeiacha.

Treni ikapita ng'ambo na mayowe yake. Mama Zawadi akashtuka, akauliza wale wanalilia nini.

"Wanafurahi, mama Zawadi," mumewe akamwambia.

Alimtazama kwa muda mrefu, kuhakikisha hatanii.

Jumamosi iliyopita nilikuwa gatini tena, na Salim, na Zawadi. Siku hizi Zawadi anaendesha treni ya mjini ya laini nyekundu, ile isiyopinduka juu chini, namshukuru Mungu. Kwa utani akamwambia Salim: kitendawili. Salim, simu mkononi, akaitika tega. Chini ya turubai lile kuna nini? Salim akapekua simu, akapekua tena, akasema hakuna anayejua, ameshindwa. Zawadi akamdai mji. Nikamweleza mwanangu ile sheria ya kulala.

"Ta Stockholm," akasema, chukua Stockholm, bila kuinua macho.

Ilinichoma, sifichi. Enzi zetu mtu alitoa mji na roho ikimuuma, na huyu anatoa mji aliozaliwa kama anayempa mtu kiti kwenye basi. Nilitaka kumsema. Lakini nikafikiri, mtoto huyu hana mtu aliyekwama mahali. Bibi yake yuko vituo vichache tu kutoka hapa, baba yake yuko kazini, mimi niko ubavuni pake. Anaweza kutoa mji wowote na asibaki mtu ndani. Hicho ndicho wazazi wetu walichokitaka, na walipokipata, utamu wa mchezo wetu ukaondoka nacho.

Zawadi aliweka mikono ndani ya koti lake, akatazama maji.

"Nilikwenda Stockholm," akasema. "Nilifika na baba tu. Nilikuta baridi, nikapewa darubini, nikapewa maandazi. Nikangojea mama miaka miwili. Akakuja."

Salim aliinua macho sasa. Akangoja. Akauliza, kwa Kiswahili safari hii, na jibu je?

Zawadi akasema hajui, turubai hajalifunua yeye, itabidi wangoje kama watu wengine. Mwanangu akahamaki. Huo ni wizi, akasema, kama hana jibu basi amrudishie Stockholm yake.

"Hapana, mwanangu," Zawadi akamwambia. "Hii sirudishi."