Gari la Elina Linakula Mafuta

Mkwe wangu Kija sijawahi kula naye sahani moja, wala kumtazama usoni zaidi ya siku ya harusi, na hata siku hiyo nilijifunika kanga. Ndivyo tulivyo sisi Wasukuma wa zamani. Mama na mkwewe hawakaribiani. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeacha njia: aingie shambani, aingie porini, popote, mpaka mama apite. Vijana wa mjini siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao, haya, shauri yao. Kija si wa hivyo. Mtoto yule kalelewa.

Kwa hiyo mimi namjua kwa masikio. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya Maswa, na teksi yake ikija naisikia tangu ng'ambo ya daraja. Wengine wanakanyaga mafuta kama wanaua nge. Kija, la. Gia inaingia kimya, injini haigombi, na akifika mteremko wa kushukia darajani utasikia gari limenyamaza, linateleza lenyewe. Hapo katoa gia, anabana mafuta. Si jambo la kusifia, gari lisilo na gia mteremkoni linaweza kuua mtu, na nilimtuma binti yangu amkanye, lakini wanaume wanasikia? Kijiweni ndiyo ilikuwa sifa yake. Walisema gari la Kija linaendeshwa kwa harufu ya petroli.

Elina, mkewe, ndiye kitinda mimba wangu. Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi na noti zao, Kija na kaka yake Mashimba walichanga wakanunua gari la pili, dogo la Kijapani, lililokwisha kutumika huko. Lilipofika likaonekana halina klachi. Otomatiki! Madereva wa kijiweni walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari gani hilo, mguu wa kushoto umekaa tu kama mgeni? Hakuna aliyetaka kuonekana ndani yake. Basi Elina akaomba ajaribu yeye. Mumewe akamfundisha kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba, na haukupita muda, huyoo, yuko barabarani.

Jamani, mwanangu alibadilika! Alikuwa mtu wa kukaa ndani pale nyumbani kwao mtaa wa Somanda, akiulizwa jambo anaangalia chini. Sasa wajawazito wa kwenda hospitali walimtaka yeye. Wanawake wenye magunia ya mchele walimtaka yeye, kwa sababu hawakuona aibu kumwambia simama kwanza, nataka kutapika. Akija kwangu alishuka garini akitembea kama mwenye mji. Nilifurahi, nasema kweli, kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yake.

Aliyenuna ni Mashimba. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tena, na mji mzima ulisema otomatiki inakula mafuta kuliko gari la gia. "Linajichagulia gia lenyewe," alisema Mashimba, "litajuaje kubana? Tuliuze, tununue la gia, tumpe dereva mwanaume." Elina, gari la gia lilikuwa limemshinda. Alijaribu na kujaribu, likawa linaruka kama chura na kuzima. Otomatiki likiuzwa, basi, anarudi ndani kuangalia chini.

Kija, mtu wa haki mpaka inakera, akasema yapimwe. Magari yote mawili yajazwe mafuta mpaka mdomoni, yabebe mzigo sawa, yaende Maswa na kurudi, kisha yajazwe tena kwenye sheli ile ile. Otomatiki likila zaidi, linauzwa. Elina ataendesha lake, na yeye Kija ataendesha la gia.

Elina alikuja kwangu analia. "Mayu, atanishinda. Unajua mwenyewe anavyoendesha."

"Nyamaza," nikamwambia. "Machozi hayajazi tenki."

Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Haki gani hiyo ya kumshindanisha mwanafunzi na mwalimu wake? Nami nilimjua Kija, hangeweza hata kukanyaga vibaya makusudi. Akishatoa neno lake kwa kaka yake, kwisha.

Siku yenyewe walipita asubuhi kwenda. Mchana, saa zao za kurudi zilipokaribia, nikachukua ungo wangu wa choroko nikaenda darajani. Daraja letu lilikuwa jembamba, gari moja kwa wakati. Elina akatokea kwanza. Nikajibana ukingoni nikampungia mkono apite, asisimame. Akanishangaa, akapita. Mimi nikaingia katikati ya daraja, nikatandika kanga, nikakaa, nikaanza kupepeta choroko. Ndiyo, makusudi! Mlitaka niseme nilichoka nikapumzika?

Nikasikia gari linateremka limenyamaza. Halafu breki. Likasimama kule juu. Sikuinua uso, lakini kwa pembe ya jicho nilimwona mtu wa baiskeli amesimama dirishani kwa Kija wanaongea. Nikasema moyoni, nimekwisha. Maana desturi inamruhusu mkwe kumtuma mtu. Huyo wa baiskeli angekuja kuniambia, "Mayu, mkweo anaomba njia," na hapo hata mimi nisingekuwa na ujanja, ningeinuka. Nikaanza hata kukunja kanga.

Baiskeli ikaja. "Mwadila, mayu," akanisalimu yule mtu, akanizunguka, akaenda zake. Hakuwa na ujumbe wowote.

Nyuma yake nikasikia gari linarudi kinyumenyume, linageuza, linashika njia ya zamani ya malori ya pamba, ile ya mchanga mtupu inayozunguka kwenda kuvuka mto kule chini. Gia ya kwanza. Ya pili. Tena ya kwanza. Injini isiyojua kugomba siku hiyo iligomba mpaka ndege wakaruka mitini. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lori la pamba lilipopita kuelekea mjini nikalisimamisha, ningengojaje habari nyumbani? Tulifika sheli kabla ya Kija. Elina alikuwa amekwisha kujaza, kasimama anauma kucha. Mashimba alikuwa ameshika kiuno. Mimi nikajibanza nyuma ya lori.

Kija akaingia. Gari limekuwa jekundu kwa vumbi, majani ya mtoni yananing'inia kwenye bampa. Shifa, binti aliyekuwa anauza mafuta pale, akachomeka mpira. Pampu ikazunguka, ikafika pale ilipoishia ya Elina, ikapita, ikaendelea. Watu wakapiga yowe.

"Haiwezekani!" Mashimba akafoka. "Umepita wapi wewe? Haya si majani ya mtoni? Daraja limevunjika?"

Nikajishika mdomo. Neno moja tu lilitosha: mama mkwe alikuwa darajani. Hakuna Msukuma angemlaumu. Wangesema shindano lirudiwe kesho, na kesho wangeweka mtu wa kunilinda.

"Daraja zima," Kija akajibu. "Nimepita nilipopita, kaka. Tulikubaliana pampu ndiyo iseme, nayo imesema. Gari la Elina linabaki."

"Lakini otomatiki inakula mafuta! Kila mtu anajua!"

"Inakula. Hata mimi nakula, na bado hamjaniuza."

Watu wakaangua kicheko, na Mashimba naye, alipoona hana pa kutokea, akacheka. Elina aliketi chini pale pale kando ya tairi, analia huku anacheka.

Mimi huku nyuma ndipo nilipomwelewa Kija. Mtu yule alikuwa na wa kumtuma, na hakumtuma. Muda wote nilijiona mjanja, kumbe alitafuta pa kushindwa bila kuvunja neno lake, akaniona mimi na ungo wangu. Nilimpenda saa ile kama niliyemzaa.

Kisha Kija, bila shaka kauona ungo wangu ukichungulia, akajigeuza, akalipa lori mgongo kama heshima inavyotaka, akapaza sauti.

"Shifa, mwambie mayu aliye nyuma ya lori, jua ni kali, Elina atamrudisha. Na mwambie Elina asimteremshe darajani. Ampeleke mpaka nyumbani."

Shifa akanijia anavunjika mbavu kwa kicheko. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie wabeja."

Shifa si Msukuma, lakini neno la shukrani analijua kila mtu Bariadi. Akalipeleka.