Jogoo wa Mnada na Mbwa Niliyemkana

Jamani, atakayecheka kabla sijamaliza, chai ajilipie mwenyewe. Nakiri kabisa kabla hamjasikia kwa watu: mimi ndiye yule aliyemkana mbwa wake mbele ya kanisa zima huku mkononi ameshika jogoo wa sadaka. Mengine mtakayosikia yametiwa chumvi, ila hilo ni kweli tupu.

Kwetu ni huko mbele ya Mkolani, unaposhuka kuelekea ziwani, na kazi ya familia ni ndege na mbwa. Msimu ukifunguliwa wawindaji wanakuja na vibali vyao, tunawapeleka kwenye kanga, kwale na bata maji, na mbwa wetu ndio wanaokwenda kumwokota ndege aliyeangukia majanini au majini na kumleta mpaka mkononi bila kumtoboa. Msimu ukifungwa watu wanadhani tunalala. Thubutu! Ndio wakati wa kufyeka njia, kukarabati vibanda vya kujifichia na kufundisha mbwa. Tena mahali pa kufundishia si petu, ni majaruba ya majirani yakishavunwa mpunga, na kila mwaka baba anakwenda kuwaomba upya. Wakikataa, mbwa hawana pa kukimbilia, wanafika kwenye msimu wamenenepa na wajinga, na mgeni aliyeaibishwa na mbwa harudi tena.

Majirani wana sharti moja tu, kuku wao wasiguswe. Kwa hiyo baba akipata mbwa mdogo anamlaza banda moja na kuku mpaka wazoeane, na kwenye mafunzo tunatumia soksi iliyojazwa mchanga na vumbi la mbao, halafu tunaivisha manyoya ya kanga. Ya kanga tu. Ya kuku nyumbani kwetu ni mwiko.

Sasa mwaka huu manyoya tuliyokuwa nayo panya waliyageuza godoro. Baba akaniambia, "Shija, panda meli uende Nansio kwa baba yako mdogo, anafuga kanga, akupe manyoya." Nikasema sawa baba. Kabla ya meli nikapita soko la Mkuyuni kununua kamba, nikajikuta kwa wachinja kuku, nikaona kiroba cha manyoya meusi kinasubiri kutupwa, nikajiuliza safari yote ile ya nini wakati mawimbi yenyewe yananitapisha, na unyoya si unyoya tu? Nikabeba kiroba. Na ili baba asigundue (macho yake ya karibu yameanza kuchoka), nikajificha nyuma ya banda na kopo la rangi nyeupe na kijiti, nikawa natia madoadoa unyoya mmoja mmoja. Yalipendeza, msiniulize. Kanga mwenyewe angeniamkia.

Shida ni kwamba mbwa anatumia pua, na pua ya Sato sikuipaka rangi.

Sato ndiye mbwa wangu, nilimpa jina hilo la samaki kwa jinsi anavyoogelea. Nikipuliza filimbi anachomoka, anaokota, anarudi kukaa kushoto kwangu na kunikabidhi, nami nampa dagaa mkavu mmoja kutoka mfukoni. Kwa yale manyoya yangu ya Mkuyuni alikuwa anafanya kazi kwa furaha ambayo sijawahi kuiona. Mimi, mpumbavu, nikadhani ni ufundi wangu.

Ikafika Jumapili ya sadaka ya mavuno. Wenye majaruba wote wanasali pale, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alipanga mnada wa sadaka ukiisha tu asimame aombe mashamba. Asubuhi akanionya, "Mbwa wabaki nyumbani." Lakini mimi nikaona watu wakijionea adabu ya Sato, ombi litapita lenyewe, nikaja naye. Baba aliponiona alifumba macho kwanza, akayafumbua, akaendelea kuwapa watu mikono maana ibada ilikuwa inatoka.

Mnada ulikuwa nje, chini ya turubai. Sato katulia kama mgeni rasmi. Mama Koku, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Bukoba, ambaye majaruba yake ndiyo makubwa kuliko yote, akapita karibu yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mbwa ametulia kweli au mgonjwa?"

"Ametulia mama. Hata kamba haihitaji." Nikamfungua. (Nani aliniambia nimfungue? Hakuna.)

Mnadi wetu, Mzee Lameck, ana tabia moja, akikubali bei anapuliza filimbi. Akamnyanyua jogoo mmoja mwekundu mnene, anapiga mabawa, bei ikapanda, Mama Koku akashinda, Mzee Lameck akapuliza. Kwa Sato ilikuwa ni amri. Alichomoka, mzee akaruka pembeni, jogoo akamponyoka, na kabla sijafungua mdomo Sato alikuwa amekaa kushoto kwangu, kifua mbele, jogoo mdomoni.

Hapa ndipo kazi ilipoonesha imeniingia mwilini. Mikono yangu yenyewe ilimpokea jogoo, mdomo wangu wenyewe ukasema, "Vizuri sana, Sato!" na kidole kikatoa dagaa mfukoni. Kanisa zima linatazama.

Mama Koku akaja taratibu. "Mbwa wa nani huyu?"

Na mimi, wana, jogoo nimemkumbatia, nikajibu, "Simfahamu, mama."

Jogoo akawika.

Aliwika vizuri, kwa sauti ndefu, sikioni kwangu. Mchungaji akasema polepole, "Kijana, bado mara mbili," basi watu hawakubaki na mbavu. Akina mama wa kwaya walikaa chini kabisa. Mzee Lameck akitaka kurudisha utulivu akapuliza filimbi, na Sato akaenda kuleta tetea aliyefungwa miguu chini ya meza. Mzee akapuliza kwa hasira, Sato akaleta mwingine. Kadiri alivyopuliza ndivyo kuku walivyonifuata, mmoja kwa mmoja, mikono imejaa, na yeye Sato ananitazama kwa imani akisubiri dagaa wake. Yale macho yake yaliniuma kuliko kicheko cha watu wote. Nikapiga kelele, "Mzee, acha filimbi! Ni mbwa wangu! Ni wangu!"

Kicheko kikaisha. Baba akasimama, na nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua analotaka kuwaomba wale watu siku ile.

"Huyu mbwa amelala na kuku tangu utoto. Ulimfundishia manyoya gani?"

Nikasema yote, Mkuyuni, kiroba, mpaka rangi. Kwenye rangi kuna mtu alikohoa ili asicheke. Baba akawageukia majirani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nilikuwa nataka kuwaomba mashamba. Naona sina tena mdomo wa kuombea." Akakaa. Sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa yake.

Mama Koku alimchukua jogoo wake mikononi mwangu. Akafunua bawa hili, akafunua lile, akapekua shingo. Hakuna tone la damu, hakuna unyoya uliovunjika. Akamwangalia Sato, akaniangalia mimi.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "mbwa hana kosa, ameleta alichofundishwa kuleta, tena salama. Mashamba yangu chukueni. Ila kijana aje na mbwa wake kukaa na kuku uani kwangu kila asubuhi, mpaka niridhike. Na wenye mashamba wengine nao wafanyiwe hivyo." Wengine wakaitikia, wengi wao wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Basi msimu huu wa kupumzika nimeupumzikia mazizini na mabandani ya watu, nimekalia kigoda, Sato na kamba yake, vifaranga vinanipanda viatuni. Nansio nimeshakwenda, nikatapika kwenda na kurudi, na sitagusa tena unyoya wa kuku hata wa kuchokonolea sikio.

Juzi uani kwa Mama Koku yule jogoo mwekundu alipita mbele ya pua ya Sato, akasimama, akajinyoosha kwa makusudi. Sato akageuza uso pembeni, akapiga miayo. Mama Koku alikuwa anachambua maharage mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwenzio amehitimu," akasema. "Wewe njoo tena kesho."