Shahidi wa Mama Nicole

Kama umewahi kushonewa gauni hapa kwenye kambi ya Dzaleka, Malawi, likakukaa vizuri mabegani, huenda unamfahamu Kabibi, ambaye sote tunamwita Mama Nicole. Ana cherehani moja, miguu inayovimba na mdomo usiosengenya, jambo ambalo kambini kwetu ni adimu kuliko maji. Mimi ni Arlette, mkalimani. Kazi yangu ni kuyatoa maneno ya watu kwenye Kiswahili na kuyatia kwenye Kiingereza bila kuongeza wala kupunguza, na kwa sababu ya Mama Nicole niliichukia kazi hiyo.

Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa. Waliandika kwamba hakuna uthibitisho kuwa mumewe aliuawa kule Fizi, Kongo. Akakata rufaa. Wakili wa msaada, mama wa Kimalawi mwenye subira, akamwambia wazi kwamba rufaa ikianguka, yeye na binti yake watafutwa kwenye orodha ya kambi na kutakiwa kuondoka nchini. Kisha akauliza kama yupo mtu aliyeona.

Alikuwepo. Papa Eliezer, shemasi wa kanisa letu, ndiye aliyemzika yule marehemu. Siku hizi anafanya kibarua kwenye shamba moja Mitundu na kurudi kambini Jumamosi. Angeombwa tu, angekuja. Lakini Mama Nicole alihofia kwamba mwenye shamba hatamruhusu, akamwomba wakili atafute hati ya wito yenye mhuri wa bodi ya rufaa. Alidhani anamrahisishia mzee wa watu.

Kabla hatujaonana na mzee, hati ilipelekwa shambani na mtu mwenye sare, akamwita Eliezer kwa majina yake yote matatu mbele ya vibarua wenzake. Hapo ndipo tulipoharibu, na mimi najilaumu pia, maana natoka Uvira na nilipaswa kujua. Kwetu karatasi ya namna hiyo inaitwa konvokasyo, na anayeipokea huaga kwanza watu wa nyumbani. Mdogo wake Eliezer aliwahi kuitikia konvokasyo moja akiwa amevaa shati safi. Hakuonekana tena.

Siku iliyopangwa, katikati ya wiki hiyo hiyo, Eliezer alifika ofisi za bodi, City Centre mjini Lilongwe, na mfuko wenye blanketi na sabuni, amejiandaa kulala ndani. Chumbani tulikuwa wanne: karani wa kuandika ushahidi, wakili, mzee na mimi. Mama Nicole alisubiri nje. Eliezer akaapa, mkono juu ya Biblia, na karani akamuuliza kama alimfahamu mume wa Kabibi.

“Mi simujue,” akasema.

Akaulizwa kama alikuwa Fizi mwaka ule.

“Sikuwaka kule. Mi niko mulimaji tu. Sikuonaka kitu, sikusikiaka kitu.”

Nilimkazia macho, yeye akakazia macho meza. Hasira zilinipanda mpaka nikatamani kumtikisa mabega. Badala yake nikatafsiri yote kama yalivyotoka, karani akayaandika, mzee akatia saini.

Kule nje alimshika Mama Nicole mkono. Uso wake ulikuwa umechangamka kabisa.

“Mama Nicole, usiogope. Jina yako sikuitaja hata mara moja. Hawatakupata kupitia mi.”

“Aksanti, papa,” akajibu. Alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo.

Nilimvuta wakili pembeni nikamweleza habari ya konvokasyo. Alisikitika kweli. Akasema mzee anaweza kurudi ndani abadilishe maneno yake, ila atakuwa amekiri kwamba alidanganya chini ya kiapo, na kwa hilo anaweza kufungwa. Nikamtafsiria Mama Nicole. Akamtazama Eliezer, ambaye alikuwa ameketi ukutani akila maandazi kwa njaa ya mtu aliyeachiwa.

“Bamufunge juu yangu? Hapana, dada Arlette. Acha.”

Nikamwambia ni mjinga. Sijivunii, lakini nilimwambia.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Nilimsomea akiwa kwenye cherehani. Rufaa imekataliwa, kwa kuwa shahidi aliyeombwa na mkata rufaa mwenyewe amekana kumfahamu marehemu. Amepewa siku thelathini. Aliniuliza kama nimefika mwisho wa barua, kisha akaendelea kushona suruali ya mtu, maana ilitakiwa Jumapili.

Eliezer hakuambiwa, Mama Nicole alitukataza. Basi Jumapili hiyo, wakati wa shukrani, mzee akasimama mbele ya kanisa zima.

“Bandugu, Mungu haachake bantu bake. Siku baliua Baba Nicole kule Fizi, mi njo nilimuzika. Nilichimba na hii mikono, nyuma ya nyumba ya mwalimu, nikamufunika na shati yangu. Mungu akaniokoa kule. Na juzi akaniokoa tena kwa bakubwa ba Lilongwe.”

Alitaja tarehe. Akataja majina ya waliokuwepo, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Yote yale karani aliyokuwa akiyatafuta, aliyatoa bila kuulizwa. Watu wakapiga makofi. Mama Nicole, aliyekaa kando yangu, naye akapiga. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita.