Sufuria ya Nyuma ya Nyumba

Nakumbuka siku ambayo mama yangu mzazi alilishwa nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka damu hunichemka. Zamani nilimkasirikia aliyempakulia. Siku hizi najikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo haina pa kwenda. Nimesikia umechaguliwa kuwalea vijana waliookoka juzi, na umeshanunua madaftari na kalamu za rangi. Sawa. Lakini kaa kwanza unisikilize.

Nilikuwa mke kijana nje kidogo ya Kitale, mwenye shamba la mahindi na sauti kubwa ya kuomba. Mchungaji akaniletea msichana aitwaye Nekesa, amemaliza shule, ana miezi miwili tu katika wokovu, akasema nikae naye nimfundishe kutembea na Mungu. Nilijiona nimefika. Kila asubuhi kabla ya chai tulifungua Biblia, nikamkaririsha mistari ya upendo, naye akaishika upesi kuliko mimi. Wageni wakija nilimsimamisha aikariri, ati huyu ndiye mwanafunzi wangu.

Sasa sikia lile ambalo halikuwa kwenye masomo. Msimu wa palizi tuliajiri vibarua, wengi wao akina mama, na ikifika saa saba walikula kwetu. Nilikuwa na sufuria mbili. Moja ilikaa jikoni, ugali na kuku au nyama, ya watu wa nyumbani na wageni wa kanisa. Ya pili, nyeusi tititi, ilikaa kwenye mafiga nyuma ya nyumba: githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe yaliyotobolewa na wadudu, chumvi kidogo, mafuta hakuna. Vibarua waliila wakiwa wameketi kwenye majani, kwa sahani za plastiki zilizopasuka. Sikumwambia Nekesa neno lolote juu ya sufuria hizo. Aliona tu kila siku, akajua.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda kwenye maombi ya akina mama. Mama yangu alitoka kwao Kamukuywa kuja kumwona mjukuu, bila kunipa habari. Mvua ilikuwa imenyesha. Kama wafanyavyo wazee wetu, alivua viatu vyake vizuri, akavifunga kwenye mfuko visiharibike, akatembea miguu mitupu kutoka barabarani. Alifika ana matope hadi magotini, leso kuukuu begani, kuku mkononi. Nekesa hakuwa amemwona hata siku moja. Kabla mama hajasema yeye ni nani, msichana alishampokea kuku na kumwelekeza nyuma, kwa upole kabisa, akale na wenzake. Mama alikuwa mtu wa kunyamaza. Akaenda.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye majani kati ya vibarua, sahani iliyopasuka mapajani, akitoa wadudu kwa kidole. Mwanangu, nilifoka. Nilimwita Nekesa mbele ya watu wote, nikamwita mshenzi asiye na adabu, nikamuuliza ni Biblia gani iliyomfundisha kumlisha mama wa mtu namna ile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wiki tatu nzima mama za watu walikula pale pale na sikuumwa hata jino.

Nekesa alikuwa akilia. "Si wewe ndio umenionyesha, Mama Wafula? Wenye viatu ndani, wenye matope nyuma. Mimi nimefanya tu vile unafanyanga."

Nikainua mkono nimpige. Mama akaniita kwa jina langu la utotoni, polepole, wala hakuinuka alipoketi.

"Wacha huyo mtoto," akasema. "Yeye amesoma vizuri. Ni mwalimu ndio mbaya. Sasa niambie, hii chakula imekuwa mbaya kwa sababu ni mimi nakula, ama ilikuwa mbaya kutoka asubuhi?"

Vibarua wote walikuwa wananitazama. Mama alimaliza sahani yake. Alikataa kuingia sebuleni hadi kuku aliyekuja naye alipochinjwa na wale akina mama kupakuliwa kwanza. Tangu siku hiyo kwangu kuna sufuria moja. Nilimwomba mama msamaha nikiwa nimepiga magoti. Lakini Nekesa sikumwomba, maana kiburi kiliniuliza mwalimu atamwombaje mwanafunzi msamaha. Kabla wiki haijaisha alifunga mizigo, akarudi kwao Bungoma. Nikajiambia mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwezi uliopita Nekesa alinialika kwake kwenye mkutano. Siku hizi ni mama mwenye jina, ana nyumba yenye geti, anawafundisha wasichana wengi neno la Mungu. Alinisimamisha mbele yao sebuleni, akasema, "Huyu ndiye mama yangu wa kiroho. Kila kitu najua, nilijifunza kwake." Wakapiga makofi. Nami nikatabasamu kama mjinga.

Baadaye nilitoka kwenda msalani. Nyuma ya nyumba nikawakuta akina mama watatu waliokuwa wameajiriwa kufua, wameketi kwenye majani, wanakula githeri kavu kutoka sufuria nyeusi. Msichana mmoja wa mkutano, daftari bado kwapani, ndiye aliyekuwa akiwapakulia. Nekesa alijifunza kwangu, na huyu kajifunza kwa Nekesa. Hasira ilinipanda, na safari hii sikuwa na mtu wa kumfokea. Nikaketi kwenye majani, nikamwambia binti anipakulie.

Nekesa akaja kunitafuta. "Mama, si chakula yako iko kwa meza?"

"Siku ile nilikutukana kwa kosa langu mwenyewe," nikamwambia. "Nisamehe, Nekesa. Hii sufuria ni yangu. Uliitoa kwangu."

Akaniangalia, akawaangalia wale akina mama. Kisha akavua viatu, akaketi kwenye majani na gauni lake la mkutano, akanyoosha mkono apewe sahani. Wasichana wake wote walikuwa wamejaa mlangoni wanatazama.

Kwa hiyo, mwanangu, usinionyeshe madaftari yako. Nimechoka na semina za kulea waumini wachanga, zinazoanza kwa maombi na kuisha kwa picha, huku mpishi anakula makombo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyeokoka jana ni mtoto. Anafuata macho yake kabla ya masikio. Kabla hujawaita hao vijana kwako, nenda ukaangalie nyuma ya nyumba yako uone nani ameketi pale na anakula nini. Ukikosea mbele yao, waombe msamaha mbele yao, siku hiyo hiyo, usingoje kuzeeka kama mimi.

Mungu akupe sufuria moja, mwanangu, na isipungue. Na mama yako akija na matope miguuni, akute mlango wa mbele uko wazi, na mama wa mwenzako ametangulia kuketi ndani.