Masalia ya Mbao

Rahabu alipata kazi ya kufundisha shule ya vidudu kwa sababu alichelewa mkutanoni. Kijiji chao cha ujamaa, juu kidogo ya Kwai, kilikuwa kimegawana kazi. Waliowahi wakachukua duka na ushonaji, yeye akaachiwa watoto thelathini. Vitabu hakuna. Kiswahili nacho haba, maana nyumbani watoto walisema Kishambaa tu.

Akaenda kwa seremala Fanueli, akaomba masalia ya mbao, gunia zima. Akayatia kwenye kasha, akalikalia. Anayetaka kujenga sharti aombe, kwa Kiswahili, aeleze hasa anataka kipande gani: kirefu, kipana, cha kuezekea. Ukisema "nipe hicho" huambulii kitu. Uchoyo wake ukasifika kijiji kizima. Mwaka haukwisha, watoto wakawa wanabishania madaraja yao kwa Kiswahili mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza.

Klara peke yake hakuomba. Alijenga kwa vilivyoachwa na wenzake, kimya. Mama yake, Marta, alikwisha kata tamaa. Alijua amezaa bubu.

Mwaka wa sabini na nne Bwana Elimu akaleta barua: anakuja kuwasikiliza watoto, na wasipojua Kiswahili shule inafungwa. Rahabu aliogopa, wala hakuficha.

Siku yenyewe ikaamkia mvua na ukungu, kuni zote zimelowa. Paskalina mpishi, mtu anayeheshimu wageni kupita kiasi, akaona kasha limejaa mbao kavu. Uji wa mgeni ukaiva mapema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo hiyo.

Bwana Elimu akainua kalamu, akauliza hiki nini. Watoto thelathini walikuwa wanatazama kasha tupu. Rahabu akaona shule inakwenda hivi hivi.

Klara akatoka mstarini. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Huo uji umepikwa kwa nyumba yangu. Ilikuwa na mlango mpana, na madirisha mawili, na zizi nyuma. Paa nilikuwa sijamaliza. Usiunywe."

Bwana Elimu akaweka kikombe chini. Akauliza kama mtoto huyu ametoka Tanga.

"Ni wa hapa hapa," Rahabu akasema, machozi yanamtoka. "Hata mimi ndiyo kwanza namsikia."

Shule haikufungwa. Rahabu akakimbia shambani kumpa Marta habari. Marta hakuuliza habari za shule. Akatua jembe, akataka aambiwe mtoto kasema nini, neno kwa neno, kisha akataka aambiwe tena.