Mhamiaji wa Mpito Niliyemchelewesha

Siku ile Bwana Shali alipobisha hodi kwetu kisiwani Faza, nyumbani tulikuwa wanawake wanne, na nakumbuka kila mmoja alikuwa wapi. Mamake mume wangu, Bi Zena binti Kombo, alikuwa juu ya msala akisali adhuhuri. Wifi yangu Fatuma, aliyebakiza wiki tatu aolewe, alikuwa uani akichana miaa. Mbele yake ameketi Mwanaesha, asiyekuwa jamaa wa yeyote kati yetu, akisuka ukili wa mkeka wa harusi. Wa nne ni mimi, Maryamu, mke kijana wa nyumba ile. Mimi ndiye niliyefungua mlango.

Mwanangu, kilichoniamshia habari hii ni karatasi. Mjukuu wangu Nuru, ambaye ni mwalimu, alirudi nayo kutoka mkutanoni Kililana, kwenye bandari mpya, akanisomea maneno haya: wahamiaji wa mpito. Mimi nimesoma chuo cha Kurani na madarasa mawili ya skuli, basi nikamuuliza maana yake.

"Ni watu wanaopita nchi moja wakienda nyingine, Bibi," akasema. "Wengine wamekimbia vita, wengine wanatafuta kazi. Neno halisemi kwa nini mtu ametoka kwao. Linasema tu kwamba hajafika."

Nikamwambia huyo namjua, nimeishi naye.

Mwanaesha alikuwa Mbajuni wa Kismayu. Mji wao ulipovunjwa na vita, chombo cha kwanza kilibakiza nafasi mbili tu, akampakia mwanawe Shee pamoja na jirani, yeye akabaki kungoja cha pili. Cha pili kilimshusha kwetu, yuataka kufa kwa homa, na Bi Zena akamtia ndani bila maswali. Siku ya kwanza aliyoweza kuketi alitwambia shida yake. Mtoto na yule jirani wako kambini Mombasa, na watu wa kambi ile karibu watahamishwa kupelekwa bara. Lazima awahi kabla hawajaondoshwa, maana huko bara hajui atamtafutia wapi. Mwanamke mgeni, peke yake, haendi pwani kuulizia vyombo. Alitutegemea sisi.

Lakini homa ilipopoa tukaiona mikono yake. Ukili wake ulikuwa mwembamba, umekaza, rangi zimekwenda sawa kama zimepigiwa mstari. Fatuma akampenda mno. Akawa anamtania, "Ukimaliza mkeka huu, nakuoza kaka yangu mdogo."

"Yule anayesinzia sinia likiwa mbele yake? Niondokee," Mwanaesha akamjibu. "Mimi nina mume wangu mmoja, ana miaka mitano, ananingoja Mombasa."

Tukacheka sote. Mimi sikuwa na dada, na nyumba ile ilikuwa kimya kabla hajaja. Nayasema haya ili ujue kwamba ubaya wangu haukutoka kwenye chuki.

Basi Bwana Shali, binamu ya babangu, mwenye boti ya mashini, akasimama mlangoni akasema, "Maryamu, mwambie mgeni wenu kesho asubuhi nakwenda Lamu, aunge huko kwenda Mombasa, nafasi yake nimemwekea. Nikirudi naipandisha boti kuikalafati, kuziba mianya ya mbao, sijui itashuka lini."

Nikamjibu, inshallah. Nikarudi uani.

"Nani huyo?" akauliza Fatuma.

"Bwana Shali. Amesalimu tu."

Nikaketi, nikashika miaa. Moyoni nikajipa hoja: bado dhaifu, mkeka haujafika nusu, vyombo haviishi. Nikajiambia pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli mwenyeji nilikuwa napona. Mgeni je?

Siku ya tatu Bwana Shali akaja tena, na mara hii aliyefungua ni Bi Zena. Sauti yake ilifika mpaka uani. "Mgeni wenu vipi? Nilimngoja hata maji yakaanza kutoka."

Mwanaesha aliuacha ukili ukaanguka mapajani. Akanitazama. "Maryamu," akasema, "mimi nilikutajia jina la mwanangu."

Akauchukua tena ukili, akasuka.

Bi Zena aliniita chumbani, wala hakupaza sauti. "Wewe ulidhani una mgeni," akaniambia. "Mgeni hukaribishwa. Mpita ndia hupishwa. Mola amemtaja ibni sabili, mwana wa ndia, yaani msafiri, katika wenye haki ya zaka, na haki yake ni kufikishwa aendako. Umemlisha, umemuuguza, kisha umemwibia ndia yake."

Chombo kingine kilipatikana baada ya siku tisa. Siku zote hizo Mwanaesha alisuka, kwa adabu, bila kusema nami, na mkeka akaumaliza. Afadhali angeuacha. Alipofika Mombasa, kambi ilikuwa imehamishwa siku mbili kabla. Miaka miwili baadaye Bwana Shali akaniletea habari kwamba Mwanaesha amempata Shee, mbali huko bara, lakini mtoto alijificha nyuma ya yule jirani aliyemlea, akauliza, "Huyu Bi ni nani?"

Wazee walisema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Umaskini wake, mwanangu, si chakula peke yake. Ni kwamba habari ya safari yake imo mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo ukimwona mpitaji, huko Kililana au popote, usikimbilie kumwita mhamiaji haramu, wala usimwite mkimbizi kabla hujajua. Na ukimpenda, usimpende kwa kumfunga. Sote twauliza, "Watoka wapi?" Wewe anza na, "Wenda wapi, na nini kimekuzuia?" Ukipewa ujumbe wake, ufikishe kabla hujaketi. Neno la Nuru ni zuri, lakini neno halimvushi mtu maji.

Mola akufungulie ndia kila uendako, akukutanishe na watu watakaokupisha, na wanao waujue uso wako siku zote.

Nimesema niyakumbukayo. Fatuma yuko Malindi, na kama zile siku tisa zilikuwa nane, ataniambia. Jina au neno nililolikosea, mwenye kujua anirekebishe. Na kama anayesoma ni Mwanaesha, anirekebishe yeye kwanza.